Maadui wamefungiwa vyumba tofauti: riviu yangu ya kitabu cha mashairi ya vita

Nimemaliza juzi usiku kukisoma hiki kitabu kwa mara ya pili na nimeona niandike sasahivi kabla hasira haijapoa na kabla mapenzi nayo hayajapoa, maana vyote viwili ninavyo. Ni mkusanyiko wa mashairi ya vita, kitabu kinene cha jalada laini, mashairi mengi ni ya Kiingereza na mengine yametafsiriwa kwa Kiingereza toka Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kigiriki cha kale na Kiarabu. Nilikiagiza mtandaoni, kilishatumika na mtu kabla yangu. Jina lake na waliokichapa sitataja, kwasababu nina lawama nao na sitaki riviu igeuke ugomvi, alafu pia vitabu vya aina hii vingi vimepangwa hivihivi kwahiyo nitakayosema yatakusaidia hata ukishika kingine.

Nilikinunua kwa ajili ya sentensi moja tu iliyoko nyuma ya jalada, inasema humu ndani utakutana na ubinadamu wa askari wa pande zote mbili. Mimi hilo jambo ndio linalonishika kwenye mashairi ya vita kuliko kitu kingine chochote. Mashairi ya kusifia mashujaa yapo tangu enzi na enzi na sina shida nayo, lakini lile shairi ambalo askari anamtazama mtu aliyekuja kumuua na ghafla anamuona, yani anamuona kabisa, ana mama, ana mchumba, ana kazi aliyoiacha nyumbani, hilo likinishika haliniachii siku nzima. Kwahiyo kitabu nimekipima kwa ahadi yake mwenyewe.

Nianze na Thomas Hardy, mshairi Muingereza, shairi lake la mtu aliyemuua, la mwaka 1902, mwaka ambao vita vya Waingereza na Makaburu viliisha. Hardy mwenyewe hakua askari, alikua mtu mzima wa miaka 60 na kitu, ila humo ndani anaongea kama askari wa kawaida kabisa, mtu wa kijijini anayesimulia wenzake. Anasema, mimi na yule jamaa tungekutana kilabuni tungekaa tukanywa wote. Ila tulipangwa mstari, uso kwa uso, akanipiga risasi na mimi nikampiga, nikamuua palepale. Alafu ndio inakuja sehemu yenyewe, anataka kueleza kwanini alimuua. Anasema kwasababu, anakwama, anaanza upya, kwasababu alikua adui yangu. Anajihakikishia, eeh, adui yangu, hilo liko wazi kabisa, ila... na baada ya hiyo ila ndio anaanza kumuona mwenzake, kwamba labda na yeye alijiandikisha jeshini hivihivi tu kama mimi, hakua na kazi, alishauza vifaa vyake. Kati ya kwasababu ya kwanza na ya pili Hardy kaweka kistari kimoja, alama ya uandishi tu, na kwenye kile kistari mtu ametafuta sababu ya kuua akaikosa.

Hili shairi nilimsomea mzee mmoja jirani yangu aliyewahi kuwa mwanajeshi, huwa napita kumjulia hali jioni. Nilimfasiria papohapo mstari kwa mstari. Nilipomaliza akakaa kimya muda mrefu nikadhani nimefasiri vibaya hakuelewa. Akaniambia, "Mwanangu, rudia hapo kwenye kwasababu." Nikarudia. "Sasa hapo kabla hujaanza ile ya pili, usikimbilie. Acha kwanza." Nikasoma tena, nikaacha kwanza. Akatikisa kichwa taratibu, "Eeh. Hivyo." Hakuongeza neno na mimi sikuuliza, yapo maswali ambayo kijana hamuulizi mzee wake. Toka siku hiyo kile kistari siwezi kukipita haraka.

Wilfred Owen, mshairi na askari Muingereza wa vita vya kwanza vya dunia, ndio moyo wa kitabu na wamefanya vizuri kumpa nafasi kubwa. Lile shairi la mkutano wa ajabu, ambalo askari anajikuta ameponyoka vitani akashuka kwenye handaki refu la kale chini ya ardhi, huko kuna watu wamelala wanaugua, anamgusa mmoja, yule anainuka ghafla anamkazia macho kama mtu anayemjua, anainua mikono kama anabariki. Wanaanza kuongea. Yule mwingine anasimulia matumaini aliyokua nayo, miaka ambayo hataiishi, mambo ya kweli ambayo hatapata nafasi ya kuwaambia watu. Unasoma mistari mingi hujui ni nani huyu. Mwisho kabisa ndio anasema, mimi ndiye adui uliyeniua, rafiki yangu, nimekutambua humu gizani kwasababu jana ulikunja uso hivihivi uliponichoma. Nilijaribu kukinga ila mikono yangu haikutaka na ilikua ya baridi. Tulale sasa.

Adui na rafiki kwenye mstari mmoja, na hamna kiunganishi cha "lakini" kati yao. Nimejaribu kuutia kwa Kiswahili mara nyingi na kila mara kalamu inataka kuandika "mimi ni adui lakini pia ni rafiki", na kila nikiweka hiyo lakini shairi linakufa.

Kuna kitu kingine ambacho msomaji wa Kiswahili atakisikia haraka kwasababu sisi tumekua na vina masikioni. Owen hapa hatumii vina kamili. Anachukua konsonanti zilezile anabadilisha irabu ya kati, kama sisi tungeweka "pita" mwisho wa mstari huu alafu "pata" mwisho wa unaofuata, "kata" na "kuta". Maneno mawili yanafanana mifupa ila nyama tofauti. Unasubiri yakutane, yanakaribiana, hayakutani. Kwenye ule mstari wa mwisho wa adui, neno la kuua na neno la baridi kwa Kiingereza yana mifupa ileile, kwahiyo kuua na baridi ya mikono vinaitikiana ila haviungani. Shairi zima ni watu wawili walio karibu namna hiyo. Nilivyoligundua hili nilirudi mwanzo nikasoma kwa sauti, na nakushauri usome kwa sauti, ukisoma kwa macho tu utapoteza nusu yake.

Na sasa kitu bora kuliko vyote humu ndani, ambacho wamekificha kwenye noti nyuma kabisa kwa fonti ndogo ya kuumiza macho. Noti inasema kwenye rasimu ya mwanzo yule mtu wa handakini alikua anajitambulisha kwamba alikua Mjerumani, askari wa kuandikishwa kwa lazima, na rafiki yako. Owen akafuta. Alichoacha ni adui na rafiki tu. Hebu fikiria, mwaka 1918, luteni wa jeshi la Uingereza, ameona aliyoyaona, ana neno "Mjerumani" mkononi tayari limeshaandikwa na analiondoa. Anaondoa taifa, anabakiza mtu.

Alafu hichohicho kitabu kinalirudisha.

Ndio lawama yangu hii. Kitabu kimegawanywa kwa nchi. Uingereza sehemu yake, Ujerumani na Austria sehemu yao, Ufaransa, Italia, Marekani, na kila sehemu inafunguliwa na ukurasa mtupu wenye jina la nchi kwa herufi kubwa na kibendera kidogo kimechorwa juu. Mshairi kafuta neno moja kwa mkono wake, wahariri wakachora bendera. Inaonekana kitu kidogo, ila ukisoma kurasa baada ya kurasa unakuta Waingereza wanaongea na Waingereza, unafunga mlango, unaingia chumba cha Wajerumani. Wale watu walioandika ili wakutane hawakutani.

Mfano ulioniuma zaidi. Kuna Charles Sorley, kijana aliyezaliwa Aberdeen, mwanzoni mwa 1914 alikwenda kusoma Ujerumani, chuo kikuu cha Jena, akawapenda watu wa kule. Vita vilipoanza alikua anatembea kwa miguu bonde la mto Moselle, wakamkamata Trier wakamuweka ndani kwa muda mfupi wakamuachia, akarudi kwao akajiunga na jeshi la Uingereza. Aliandika soneti akiiambia Ujerumani kwamba nyie ni vipofu kama sisi, na kipofu anapigana na kipofu. Aliuawa Loos, Ufaransa, tarehe 13 Oktoba 1915, ana miaka 20.

Na kuna Ernst Stadler, amezaliwa Colmar, Mjerumani, yeye alisoma Oxford, akafundisha chuo kikuu Brussels, na alikua anawafasiri washairi wa Kifaransa kwa Kijerumani akiwemo Charles Péguy. Stadler aliuawa Zandvoorde karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 30 Oktoba 1914 akiwa kwenye jeshi la Ujerumani. Péguy, ambaye maneno yake yalipita kwenye kalamu ya Stadler, alishauawa tarehe 5 Septemba mwaka huohuo akiwa kwenye jeshi la Ufaransa. Miezi miwili haikuisha kati ya kifo cha mwandishi na kifo cha mfasiri wake, na majeshi yao yalikua yanapigana.

Mskoti aliyesoma Jena, Mjerumani aliyesoma Oxford, na Mfaransa anayefasiriwa na huyo Mjerumani. Watatu hawa ungewaweka kurasa zinazofuatana usingehitaji hata utangulizi, msomaji mwenyewe angenyamaza. Kitabu kimewaweka sehemu tatu tofauti, Stadler na Péguy wametenganishwa na karibu kurasa mia, na kwenye maelezo mafupi ya Stadler hawajasema kabisa kwamba alikua anafasiri Kifaransa. Wamesema "mshairi wa Kijerumani, aliuawa 1914". Basi. Nilijua mengine kwa kutafuta mwenyewe. Kwakweli hapo nilikifunga kitabu nikaenda kulala nimekasirika.

Georg Trakl naye wamemuweka humohumo. Alikua mfamasia kwenye jeshi la Austria, baada ya mapigano ya Grodek mwaka 1914 aliachiwa majeruhi wapatao 90 kwenye ghala bila dawa za kutosha, na Novemba mwaka huohuo alifariki hospitalini Kraków kwa kokeini nyingi, miaka 27. Shairi lake la Grodek lina misitu ya jioni, askari wanaokufa, na kilio cha vinywa vilivyovunjika. Soma uone kama atakwambia hao wanaokufa ni wa jeshi gani. Hasemi popote. Owen alihitaji rasimu mbili kufika hapo, Trakl alifika moja kwa moja, na ilitakiwa mtu awaweke karibu ili tuone.

Isaac Rosenberg wamempa mashairi manne na ni machache. Alikua askari wa chini kabisa, sio ofisa, Myahudi wa mitaa ya kimaskini ya mashariki mwa London, mchoraji pia, akauawa tarehe 1 Aprili 1918. Shairi lake la alfajiri kwenye mahandaki nalipenda kwa sababu ya panya. Anachuma ua jekundu juu ya ukingo wa handaki analichomeka sikioni, na wakati anachuma panya anaruka juu ya mkono wake. Sasa anaongea na panya. Anamwambia umegusa mkono huu wa Muingereza, na muda sio mrefu utagusa wa Mjerumani, ukiamua tu kuvuka lile eneo la majani katikati. Wakijua huna ubaguzi hivyo watakupiga risasi. Panya ndio kiumbe pekee anayeweza kuvuka, kwa panya mkono ni mkono. Kila mtu anatafuta malaika wa kuunganisha maadui, Rosenberg alikua na alichokua nacho mbele ya macho yake, na kilikua panya, na ndio maana tunamuamini.

Hapa nataka niseme kitu kuhusu mashairi haya kwa ujumla maana nimeyasoma mengi sasa. Yale yanayosema moja kwa moja kwamba sote ni ndugu huwa hayanifanyi kitu. Yanayonipiga ni yale yenye kitu cha kushika mkononi. Kistari cha Hardy, mkono wa baridi wa Owen, panya. Na picha ya Keith Douglas.

Douglas ni Muingereza wa vita vya pili vya dunia, alikua anaongoza kifaru Afrika Kaskazini. Kule El Alamein mwaka 1942 walimuweka makao makuu mbali na mapigano, akachukua gari bila ruhusa akaendesha mpaka kwenye kikosi chake mbele. Kwahiyo sio mtu aliyekua anakwepa vita. Shairi lake la 1943 linaanza wiki tatu baada ya mapigano, wanarudi eneo lilelile, wanakuta mwili wa askari wa Kijerumani aliyekipiga mzinga kifaru chao siku ile. Umelala juani. Na pembeni kwenye takataka za lile shimo la mzinga kuna picha ya msichana wake, imechafuka, msichana ameandika jina lake, Steffi, na neno moja kwa mwandiko mzuri wa shuleni. Neno lenyewe maana yake ni usinisahau, na pia ni jina la ua. Douglas hafichi, anakuonesha nzi, vumbi juu ya jicho, tumbo lilivyopasuka. Anasema humu muuaji na mpenzi walikua wamechanganyika, mwili mmoja, moyo mmoja, na kifo kilichomlenga askari kimemuumiza mpenzi. Hakuna mahali anasema samahani. Alipigana na yule mtu kwa moyo wote na angepigana naye tena. Lakini ameiokota picha akaisoma.

Sasa kwenye noti za hili shairi kitabu kimeweka maelezo marefu kuhusu aina ya mzinga na unene wa chuma cha kifaru, na neno la Kijerumani aliloandika msichana hawajalitafsiri! Neno ambalo ndio kichwa cha shairi! Mtu asiyejua Kijerumani atasoma shairi zima asijue Steffi alikua anamwomba nini mpenzi wake. Hili sio kosa la uchapaji, ni mtu alikaa akachagua kitu gani kinastahili noti.

Douglas aliuawa Normandy tarehe 9 Juni 1944, miaka 24.

Walt Whitman, Mmarekani wa enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kwao, na lile shairi fupi la maridhiano nalitaja haraka, mistari michache, anakwenda kwenye jeneza la adui, mtu mtakatifu kama mimi mwenyewe anasema, anainama anaugusa uso mweupe kwa midomo. Huyu alikua anazunguka hospitali za Washington akikaa na majeruhi wa pande zote, hakua anabuni. Siegfried Sassoon na yeye Novemba 1918 aliandika kumwambia mama aliyefiwa kwamba ukienda kwenye kaburi la shujaa wako huenda utakutana hapo na mama wa watu waliomuua mwanao. Mistari minane. Ungaretti, askari wa Italia, 1916, askari wanapishana usiku mmoja anauliza nyie wa kikosi gani, ndugu, na jibu halitolewi, linabaki lile neno ndugu tu linatetemeka gizani kama jani lililochipua sasahivi. Tafsiri yake humu ni nzuri sana, nampa mkono aliyeifanya.

Mashairi ya kale wameyatupa mwisho kama nyongeza, na ndio chanzo cha yote. Kitabu cha mwisho cha Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa vita vya Troy, mzee Priam mfalme wa Troy anaingia usiku kwenye hema la Achilles, shujaa wa Wagiriki, anapiga magoti anabusu mikono iliyomuulia wanawe, anamwambia mkumbuke baba yako. Na wote wawili wanalia, kila mmoja anamlilia wake, kwenye hema moja. Na Aeschylus, mwandishi wa tamthilia wa Athene, ambaye mwenyewe alipigana na Waajemi Marathon mwaka 490 kabla ya Kristo na ndugu yake akafia hapohapo, mwaka 472 anawapandishia Waathene jukwaani tamthilia yote imewekwa nyumbani kwa adui, mama wa mfalme wa Uajemi anasubiri habari, kwaya ya wazee wa Kiajemi inalia majina ya vijana wao. Miaka 8 tu baada ya Salamis, vita vya baharini ambavyo Waajemi walishindwa na Wagiriki. Waliokaa kutazama walikua wanaume waliowaua hao vijana, na tamthilia hiyo ikapewa zawadi ya kwanza. Hii ingetakiwa iwe ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Kuna pia Mahmoud Darwish, shairi la askari anayeota yungiyungi nyeupe, limeandikwa baada ya vita vya 1967, Mpalestina anakaa na askari wa Israel anamsikiliza. Askari anasema nchi kwake ni kunywa kahawa ya mama yake na kurudi salama jioni. Wapo watu waliomlaumu sana Darwish kwa kumpa adui sura ya mtu namna hiyo, na mimi naona ndio ujasiri, kuandika hivyo wakati kidonda bado kibichi na wewe ndiye uliyenyang'anywa.

Na hapa ndipo nagombana na utangulizi. Utangulizi unasema mashairi haya yanatufundisha kwamba vita vyote ni sawa na hakuna upande wenye kosa. Mashairi hayasemi hivyo jamani. Owen huyuhuyu wa handakini, Oktoba 1918 alikamata bunduki rashasha ya Wajerumani akaitumia kuwapiga Wajerumani, wakampa nishani ya Military Cross, na aliyeandika ile karatasi ya nishani alisema aliwasababishia adui hasara kubwa. Alijua anachokisema kuhusu mikono. Akauawa tarehe 4 Novemba kwenye mfereji wa Sambre, miaka 25, na telegramu ilifika kwa wazazi wake tarehe 11, siku ambayo kengele zilikua zinalia kwa sababu vita vimeisha. Kumuona adui ni mtu hakukumfanya Owen aseme jeshi la adui lina haki, na Douglas hakuona haya kupigana na jeshi la Hitler. Swali la nani kaanza na nani kavamia linabaki palepale na lina majibu yake. Mashairi yanaongelea yule aliyelala juani wiki tatu. Ukichanganya hayo mawili unawadhalilisha hawa watu, unawafanya kama hawakujua wako wapi.

Kama unataka kuona jinsi ilivyotakiwa kufanywa, tafuta War Requiem, muziki wa misa ya wafu wa mtunzi Muingereza Benjamin Britten, uisikilize. Iliimbwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962 Coventry, kwenye kanisa kuu jipya lililojengwa pembeni ya lile lililobomolewa kwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940. Mwisho wake kaweka shairi lilelile la Owen. Na sehemu za kuimba kazigawa, askari aliyeponyoka anaimbwa na Peter Pears, Muingereza, na adui aliyeuawa anaimbwa na Dietrich Fischer-Dieskau, Mjerumani ambaye kweli alikua askari wa jeshi la Ujerumani na akawa mateka wa vita. Kwahiyo lile neno, mimi ndiye adui uliyeniua rafiki yangu, unalisikia likitoka kinywani mwa mtu aliyevaa zile sare. Alafu ule mstari wa kulala wanauimba pamoja, sauti mbili zinapishana taratibu na kwaya inaingia juu yao. Hapo hakuna vyumba.

Vitu vidogo: gundi ya mgongo ni mbovu, kurasa za katikati zimeanza kuachia. Karatasi nyembamba, maandishi yanaonekana upande wa pili. Faharasa ya mistari ya kwanza haipo, ukikumbuka mstari hukumbuki mshairi utahangaika. Mashairi ya Kijerumani na Kiitaliano yamewekwa tafsiri tu bila ya asili pembeni, wangeweka hata kwa Trakl na Ungaretti tu.

Je ununue? Nunua. Mashairi haya kuyapata yote mahali pamoja ni shida, na waliochagua wana jicho zuri hata kama waliopanga hawana. Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na zote ni za washairi na wafasiri.

Ila usisome kwa mpangilio wao. Soma Aeschylus kwanza, alafu Priam. Nenda kwa Hardy, taratibu kwenye kistari. Sorley, Stadler na Péguy wasome kikao kimoja bila kunyanyuka. Rosenberg na Ungaretti pamoja. Trakl alafu Owen, Owen kwa sauti. Douglas siku nyingine peke yake, na kwenye kichwa cha habari andika kwa kalamu "usinisahau".

Huo mpangilio kwa kweli sio wangu wote. Nilisema kitabu kilishatumika. Mara ya kwanza nilipokisoma niliona namba ndogondogo za penseli pembeni ya baadhi ya mashairi nikadhani ni mwanafunzi alikua anahesabu mistari ya mtihani. Mara hii ya pili, pale kwenye Grodek kuna namba, nikaona hailingani na idadi ya mistari, nikaifuata kama ni ukurasa. Ikanipeleka handakini kwa Owen. Na pale kwa Owen kuna namba inakurudisha kwa Trakl. Nilikaa usiku ule wote nazifuata moja moja, Sassoon kwenda kwa Priam, Whitman kwenda kwa Darwish, huyo mtu simjui alishawatoa wote vyumbani kabla yangu. Stadler peke yake ndio hakua na namba. Nimemuwekea mimi, kwa penseli, ya Péguy na ya Sorley.